Usiwapelekee Cheti cha Damu

Kemunto mwanangu,

“Kinachomfuata mama humfuata binti. Msichana hatumkatai, tunataka tu aje na cheti.”

Ndivyo alivyosema shangazi yake mchumba wako Mogaka hapa sebuleni Jumapili, ameshika kikombe changu cha chai, mguu mmoja juu ya mwingine. Wewe uliinamisha kichwa. Baba yako aliangalia dirishani. Na mimi, ambaye wakulima wa chai hunituma mikutanoni kwa sababu sijui kunyamaza, nilinyamaza. Niliingia jikoni kuchuja chai ya pili, nikasimama pale nikitafuta jina la kile kitu cha kuchujia. Lilikuja mgeni alipokuwa ameshaondoka. Chujio. Nitarudi kwa hilo.

Kesho asubuhi unaondoka kwenda Nyamira kuanza kazi, na Jumamosi ukoo wa Mogaka utakaa kukusubiri. Leo, ukikunja nguo, umeniambia, “Mama, nitapima tu, yaishe.” Hayataisha. Ndiyo maana naandika. Mambo ya blanketi na pasi na kufunga mlango, baba yako ameshakwambia kuliko inavyohitajika.

Wewe umelelewa kwa Kiswahili, kwa kuwa baba yako ni Mjaluo, mtu wa ziwa, na mimi ni Mgusii, na katika suala la lugha ya nyumba hii hakuna aliyekubali kushindwa. Kwa hiyo huenda hukujua yule mama alikuja kama nani. Alikuja kama esigani, mtu wa kati anayetumwa na ukoo mmoja kuuchunguza mwingine kabla ya ndoa. Esigani wa zamani aliuliza kama mna wezi, kama mna kifafa, na zaidi ya yote kama mna omorogi, mchawi. Hakuwauliza ninyi. Aliuliza mtoni na sokoni, na hasa kwa jirani mliyegombana naye. Mimi nilikataliwa kwa njia hiyo nikiwa msichana, kwa sababu mama wa mama yangu, ambaye sikuwahi kumwona, ilisemwa alitembea uchi katika mahindi ya watu. Silalamiki. Ndivyo nilivyompata baba yako, ambaye ukoo wake haukujua pa kuuliza.

Esigani wa siku hizi ana ofisi, ana simu nzuri, na kanisani huketi mbele. Neno mchawi halimtoki kinywani. Anasema jeni. Lakini swali ni lile lile, limebadilisha nguo tu.

Sasa nikupe jambo litakalokushangaza kutoka kwangu: nusu ya kwanza ya maneno yake ina ukweli. Watu wa kwetu waliona kwamba katika nyumba yetu kuna kitu hutoka kwa mama kikaenda kwa mtoto, na kwamba huja mtu akikaribia miaka hamsini, akiwa bado na nguvu za kulima. Waliona sawasawa. Walikitazama vizuri kuliko hospitali, nami nitakueleza vipi. Kosa lao lilikuwa jina. Waliuita ugonjwa uchawi, na kwa ajili ya jina hilo wakawasha moto.

Nyanya yako alikuwa mchumaji wa chai ambaye karani wa mizani hakuwa akikagua kikapu chake. Majani mawili na kichipukizi, majani mawili na kichipukizi, vidole vikienda kama vya mtu anayecheza kinanda. Halafu siku moja karani alimwaga kikapu chake chini kwenye turubai mbele ya watu. Majani magumu, vijiti, hata magugu. Mama akamwambia, “Nimeanza kuchuma chai mama yako akiwa bado anakojoa kitandani.” Watu walicheka. Mimi nilicheka zaidi ya wote, nikafurahi kuwa ulimi nimeurithi kwake. Ugonjwa ulikuwa pale kwenye turubai, umemwagwa tuuone, na mimi nasifu tusi.

Baada ya hapo alianza kuchuma katika shamba la jirani. Alifika alfajiri na ukungu, amevaa gauni la ndani tu, kikapu mgongoni, akiimba. Yeye alijiona bado ni msichana kwenye shamba la kwao. Jirani alikuwa na mtoto mgonjwa ndani ya nyumba, akafungua dirisha akamwona. Kufikia saa ya kwenda kanisani uwanja wa mama ulikuwa umejaa watu.

Nilifika kutoka Ogembo kabla ya baba yako. Nilipanda juu ya jiwe la kufulia nikahutubia. Niliwaambia ni wajinga. Niliwatajia sheria. Niliwataja mmoja mmoja kwa jina na aibu za nyumba yake, kwa sababu nilizijua. Kila neno lilikuwa la kweli, na kila neno lilikuwa kuni. Nilimwona kijana niliyemfundisha kusoma akienda kuchukua nyasi kavu.

Ndipo baba yako akaingia na pikipiki. Alizima injini, akavua miwani akaifuta kwa shati, akasema kwa Kiswahili chake cha ziwani, “Nimekuja kumchukua mchawi wangu. Ng'ombe wa mahari mliwala hapa hapa. Au mnataka kula mara mbili?”

Mzee mmoja nyuma akasema, “Chukua huyo mchawi yako, akaroge samaki huko kwenu.” Wakacheka. Watu wanaocheka mikono hulegea. Tulimpakia mama katikati yetu, tukaondoka akiwa bado anaimba. Nyumba waliichoma baadaye, kwa kuwa nyasi zilikuwa zimeshaletwa.

Sikumsamehe baba yako kwa muda mrefu. Nilimwambia ametamka neno lao, amewakubalia. Alinisikiliza mpaka nikachoka, halafu akaniita binti wa Kisii kwa lugha ya kwao, akaniuliza, “Nyar Kisii, ulitaka mama mzima au hoja nzima?” Nimesoma vitabu vingi, Kemunto, na sijapata jibu la swali hilo. Kuna siku hoja sahihi huua mtu. Nawe una ulimi wangu, ndiyo maana nakwambia.

Tulimleta hapa, chumba kile unachokiacha kesho. Ulikuwa mdogo lakini najua unakumbuka. Unachokumbuka ni nyanya aliyekusuka nywele upande mmoja akasahau wa pili. Usichokijua ni kwamba nilibishana naye kila siku. Akisema anakwenda kuchuma chai, nilimwambia chai iko mbali na shamba halipo. Akimngoja mumewe, nilimwambia, “Alikufa, mama, tulimzika pamoja.” Alilia kama mtu anayesikia kwa mara ya kwanza, kwa sababu ilikuwa mara ya kwanza. Kesho yake nilimwambia tena. Nilishinda mabishano yote na mama yangu. Ni ushindi mbaya kuliko wote nilionao.

Wewe ndiwe uliyenifundisha, na hukujua. Jioni moja alianza kuita, “Baba, baba,” akipapasa ukuta. Mimi nilijua anaita nani. Kwa Ekegusii baba ni mama. Anayekuzaa ndiye baba, na mwanamume ni tata. Alikuwa anamwita mama yake, na mimi nilikuwa nimeshafungua kinywa kumwambia kuwa mama yake amekufa pia. Wewe, mtoto wa Kiswahili, ulisikia anamtaka baba. Ukakimbia ukamleta baba yako kutoka nje, mikono imejaa grisi. Aliketi kitandani, akamshika mkono, akasema, “Nipo hapa.” Mama akatulia akalala. Toka siku hiyo, akiita baba, Mjaluo mwenye masharubu ndiye aliyekuwa mama yake, na hakuna aliyelalamika.

Neno hilo hilo lilikuja kutuvuruga. Mjomba wako Onsongo, aliyekuwa fundi seremala mkubwa kule Kenyenya, alipoanza kupima mbao mara tano na kukata vibaya, kanisa lilimwombea na ukoo ulinong'ona. Mimi nilimburuta hospitali. Daktari alikuwa kijana kutoka Pwani, mwenye Kiswahili cha kunyoosha. Alifanya kazi yake kwa utaratibu. Alianza na vitu vinavyotibika, maana si kila anayesahau ana ugonjwa usiotibika: presha, tezi ya shingo, upungufu wa vitamini, maambukizi, huzuni iliyokaa ndani. Onsongo akapigwa picha ya kichwa. Kisha daktari akamuuliza nani mwingine katika familia aliugua hivyo. Mimi nilikuwa nje kwenye foleni ya malipo. Onsongo akajibu, “Ni baba. Baba alianza hivi hivi.”

Ugonjwa ulikuwa umeshaanza kumvua lugha alizojifunza shuleni, unamwachia ile aliyonyonya. Yeye alisema mama. Daktari akasikia baba, akachora ukoo wetu upande wa babu yako.

Binamu zangu wa upande huo waliacha kulala. Mmoja aliacha mpango wa kuongeza mtoto. Na huku, upande wa pili, mdogo wake mama alikuwa Kenyenya, wanawe wakimfungia kwenye stoo ya ndizi kila wanapokwenda shamba, na hakuna aliyewaambia kuwa wana mgonjwa. Mwaka ulipita hivyo. Ndipo daktari akaniuliza baba yetu alianza kusahau akiwa na umri gani.

“Baba yetu?” nilisema. “Yule alikufa akikumbuka tusi la kila jirani.”

“Lakini kaka yako alisema ni baba.”

Nilicheka mpaka nikalia, daktari akaniletea maji. Nilipomweleza, aliuliza taratibu, “Sasa baba mnamwitaje?” Nikamwambia. Akachukua karatasi mpya akaanza upya, safari hii upande ambao wale waliokuja na nyasi walikuwa wameujua siku zote. Hilo lilinichoma. Wajinga wangu walikuwa na ukoo sahihi na neno baya. Wasomi wangu walikuwa na neno zuri na ukoo mbaya. Usimwamini mtu kwa sababu ya upande anaoketi. Muulize ameona nini.

Damu ya Onsongo ilipelekwa mbali, na majibu yakaja: kuna badiliko katika jeni moja. Nikueleze kama nilivyoelezwa, kwa sababu utakutana na watu watakaokueleza kwa vitisho. Kila mtu ana nakala mbili za jeni, moja ya mama na moja ya baba. Mama yetu alikuwa na nakala moja nzima na moja yenye kasoro. Kila mtoto wake alipewa moja, kama sarafu inayorushwa. Na kila mtoto sarafu hurushwa upya; kwamba Onsongo aliipata haimaanishi mimi nimeikosa, wala kwamba nimeipata. Kama mimi sina, wewe huwezi kuwa nayo kutoka kwangu, basi, imekwisha. Kama ninayo, sarafu yako ilirushwa kabla hujazaliwa. Aina hii, ya kurithi moja kwa moja na kuanza mapema, ni ya familia chache. Wazee wengi wanaosahau hawana kitu kama hiki, na kumpima jeni kila bibi anayepoteza ufunguo ni upuuzi. Na kipimo hakitibu. Dawa ya kuung'oa ugonjwa huu haipo. Kipimo kinakwambia sarafu iliangukaje. Hakikwambii siku, wala namna ya kuishi mpaka siku hiyo.

Sasa angalia anachokuomba yule shangazi wa Mogaka. Majibu yako yakionyesha kasoro, ameshanipima na mimi bila kunigusa, maana haiwezi kufika kwako bila kupitia kwangu. Anataka kuingia katika kichwa changu kupitia mkono wako. Na cheti kikisema huna, je? Utaingia katika ukoo ule kama ng'ombe aliyekaguliwa. Akizaliwa mtoto mwenye mguu mfupi watataka cheti kingine. Anayekubali kukaguliwa mlangoni atakaguliwa mpaka jikoni.

Sikuambii usipime. Ningekuwa nimerudi kule kule, mama anayeamua kichwa cha mwanawe. Kuna wanaopima wapange uzazi, kazi, shamba. Kuna wanaokataa kujua, nao si waoga. Kutojua ni haki, si ujinga. Mshauri wa hospitali aliyekutana nasi wakati wa Onsongo aliniuliza swali moja tu: “Ukijua Ijumaa, Jumatatu utafanya nini?” Nilimpa hotuba. Alisubiri nimalize, akauliza tena. Ukiwa na jibu la Jumatatu, nenda. Kama jibu lako ni “nitamwonyesha shangazi wa Mogaka”, rudi nyumbani ulale.

Mimi sijapima. Nimekwenda redioni kuwaambia watu wasifiche wagonjwa wao, na katika nyumba hii nimekukatiza kila ulipoanza kuuliza. Nikisahau jina nasingizia simu. Nikirudia hadithi baba yako hujifanya hajaisikia, nami najua anajifanya, na nimejifanya sijui. Chujio lile la Jumapili huenda ni uchovu, huenda ni hasira tu. Watu husahau majina ya vyombo kila siku. Lakini nina umri aliokuwa nao mama siku karani alipomwaga kikapu, na sitaki tena kusifu tusi huku majani yamemwagwa chini.

Kwa hiyo nimeamua, na nimeamua kwa ajili yangu. Nitakwenda kwanza kwa mshauri, kisha nitatoa damu. Jumatatu yangu ninayo: nataka kujua nina ulimi huu kwa muda gani ili niutumie vizuri, na nataka niseme mwenyewe, kwa akili yangu, nani atanilea na wapi, kabla wengine hawajanisemea. Majibu yakija nitayatunza. Ukiyataka utaniuliza, hata kama ni baada ya miaka, nami nitakwambia bila kuzunguka. Usipouliza sitakulazimisha kuyasikia. Nyamira haitafika hata herufi moja.

Na kama sarafu yangu iliangukia upande wa kasoro, usinifanyie nilivyomfanyia mama. Usinisahihishe. Nikisema nakwenda kuchuma chai, nipe kikapu. Siku nitakayopapasa ukuta nikikuita baba, usikimbie kumtafuta mtu mwingine. Itakuwa ni lugha yangu ya kwanza, nitakuwa nakuita mama. Itika tu.

Mogaka ni kijana mwema. Alikwambia anaoa mtu, haoi damu, nami nilimpenda kwa neno hilo. Lakini mbele ya shangazi yake hulala kama nyasi zilizokanyagwa, na neno jema lililosemwa kwenye simu halimtetei mtu. Mwambie nimesema hivyo. Kama ni mwanamume wa kuolewa naye, hatanichukia.

Kilichobaki hapa si chako. Ni cha wale watakaokuwa wamekaa Jumamosi. Wasomee ukiwa umesimama, kwa sauti yako ya kawaida, kisha uketi.

Shangazi wa Mogaka, nawe Mogaka, na wote mlioketi hapo: esigani hutumwa pande zote mbili, hata kama mmesahau. Mimi ndiye esigani wa binti yangu. Nilipokuuliza Jumapili, dada yangu, habari za nyanya yake Mogaka, ulisema siku hizi hatoki, hapendi wageni. Binti yangu alikuja kwenu Pasaka. Aliona mlango wa nyuma una kufuli kwa nje, akasikia mtu ndani akiita baba.

Sikuwashtaki popote. Najua hofu yenu, nimelala nayo kitanda kimoja. Mnatafuta cheti katika damu ya mtoto wangu kwa sababu mnaogopa kilicho nyuma ya mlango wenu. Huenda hata si cha kurithi. Huenda ni uzee, huenda ni tezi, huenda ni presha ambayo nesi angeipima leo. Hamjui, kwa sababu hamjampeleka. Mngempeleka, majirani wangeuliza, na ninyi mnajua jirani akishauliza huja na nini.

Basi haya ndiyo ninayodai, na sipunguzi. Msiulize tena neno moja kuhusu damu ya Kemunto. Mogaka, ufunguo wa kufuli ile uchukue wewe, kwa mkono wako, mbele ya shangazi yako. Mvisheni nyanya gauni lake zuri, mumketishe mezani karibu na binti yangu, mumpe chai ya kwanza. Akiita, mtu aitike. Jumatatu mpelekeni hospitali, mchana kweupe, mkipitia sokoni.

Mimi na baba yake Kemunto tutafika Jumamosi hii hii na pikipiki. Tukikuta mlango ule bado umefungwa, tutaondoka na wawili.